Ramani ya setelaiti inasema maji yatapita, babu anasema hayapiti

Mwl_Mgosi:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na ramani za milima, mimi ni mwalimu wa jiografia sio mpimaji so msinicheke sana.

Niko Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, huku juu kabisa kwenye ukingo wa msitu. Shule yetu haina maji, watoto wanakuja na vidumu kila asubuhi. Ndani ya msitu kuna chemchemi nzuri haikauki hata kiangazi, kijiji kimechanga hela na tunataka kuvuta maji kwa mserereko tu, hakuna pampu wala dizeli. Shida ni moja, kati ya chemchemi na shule kuna mgongo wa kilima, bomba lazima likanyage pale juu kabla halijashuka shuleni. Kutoka chanzo hadi mgongoni kama kilomita 1.4, kutoka mgongoni hadi shule kama mita 900.

Nikadanlodi data ya miinuko ya SRTM, kile kigae cha S05E038, nikaifungua kwenye QGIS, ile programu ya ramani. Nikagusa chemchemi ikaniambia mita 1,642. Mgongo 1,629. Shule 1,571. Yani chanzo kiko juu ya mgongo kwa mita 13, nikasema basi kazi imekwisha. Nikawaonyesha kamati kwenye laptop wakapiga makofi.

Sasa kuna babu mmoja hapa ana miaka themanini na, akaniangalia akasema "mwalimu, maji yale hayapandi pale, sisi tulishajaribu". Nikamwambia babu hiki ni chombo cha angani. Akanyamaza akaendelea kuvuta kiko chake. Tangu hapo silali vizuri maana mabomba yananunuliwa wiki ijayo.

Halafu ramani yenyewe ina vituko. Nikitengeneza ramani ya mteremko yote inakuwa nyekundu, kila sehemu nyuzi 89, hata uwanja wa mpira! Nikihamisha projekisheni, picha ya vivuli inatoka na mistari mistari kama wavu wa mbu. Na nikiweka juu yake picha ya setelaiti ya Sentinel-2 ya mwezi wa 12, mabonde yananionekania kama migongo na migongo kama mabonde, hadi kichwa kinauma. Hii ramani niiamini au niitupe? Natanguliza shukrani.

Kontua37:
Mwalimu karibu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua bomba, wengi wanauliza baada. Nianze na vituko maana ni vyepesi, halafu kwa babu tutarudi.

Nyuzi 89: faili lako linahesabu upande kwa upande kwa digrii na juu chini kwa mita. Programu inaona umepanda mita 10 ukiwa umetembea "0.0003", inadhani kila mahali ni ukuta. Hamishia kwanza kwenye UTM, ule mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita, kanda ya 37 Kusini, namba 32737, ndio upige mteremko. Lushoto iko kanda 37 bila wasiwasi. Ila siku ukifanya kazi ya Hanang uwe macho, Arusha mjini ni 37 lakini Hanang iko magharibi ya nyuzi 36 kwa hiyo inaangukia 36, nimeshaona mtu anatafuta mlima mzima umepotea.

Wavu wa mbu: wakati wa kuhamisha umeacha ile njia ya "jirani wa karibu". Inachukua pikseli inazipanga upya bila kulainisha, kwa hiyo mstari mmoja unarudiwa mara mbili na mwingine unarukwa, kwa macho ya kawaida huoni ila ukiwasha vivuli unajitokeza. Rudia kutoka faili la mwanzo, chagua bailinia, ile njia inayolainisha. Usihamishe lile lililokwishaharibika.

Mabonde kugeuka migongo: hapo wala huna kosa mwalimu, ni macho. Ubongo wa binadamu umezoea mwanga unatoka juu. Sentinel-2 inapita kwetu kwenye saa tano kasoro asubuhi, na mwezi wa 12 jua liko kusini yetu, so mwanga unatokea kusini mashariki, yani upande wa chini wa ramani, vivuli vinaangukia juu. Macho yanakataa yanageuza mlima ndani nje. Chukua picha ya mwezi wa 6 hadi wa 8, wakati huo jua liko kaskazini, mwanga unatokea pembe ya juu kulia, utaona mlima umekaa sawa wenyewe. Halafu zile vivuli za QGIS zenyewe zimewekwa mwanga utoke kaskazini magharibi, nyuzi 315, ni desturi tu ya wachora ramani. Ukilaza picha ya asubuhi juu ya vivuli vya 315 unakuwa na majua mawili yanagombana. Badilisha iwe 45 vitaelewana.

Sasa babu. Nasikitika kukwambia lakini mimi niko upande wa babu. Umesema chemchemi iko NDANI YA MSITU. Mgongo je, una miti?

Mwl_Mgosi:
Mgongo hauna miti, ni mashamba ya mahindi na viazi na njia ya kwenda mnadani. Chemchemi iko kwenye korongo jembamba, msitu mnene, miti mirefu hasa.

Kontua37:
Nilijua.

Sikiliza. SRTM ni rada iliyobebwa na chombo cha Endeavour Februari 2000, siku 11 tu, antena ya pili imening'inizwa kwenye mlingoti wa mita 60 nje ya chombo. Urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 5.6. Wimbi fupi hivyo halifiki chini kwenye msitu kama wenu, linaingia ingia kidogo kwenye majani halafu linarudi. Kwa hiyo ile 1,642 sio chemchemi, ni sehemu fulani ya vichwa vya miti juu ya chemchemi. Kule mgongoni hakuna miti so rada imegusa udongo. Unalinganisha paa la nyumba na sakafu ya jirani.

Na kuna la pili ambalo watu hawalisemi. Pikseli moja ni mita 30 kwa 30 hivi. Korongo lenye upana wa mita 15 halitoshi humo, linachanganywa na kingo zake zote mbili, chini kunapandishwa. Mgongo mkali nao unachanganywa na mbavu zake, juu kunashushwa. Ona ilivyokuumiza: chanzo kimepandishwa mara mbili, kwa miti na kwa korongo, kizuizi kimeshushwa. Makosa yote yamevuta upande unaokufurahisha. Mita 13 zako zinaweza kuwa sifuri, zinaweza kuwa hasi.

fundi_bomba:
Mgosi nisamehe nitaandika ndefu kidogo ila hii imenigusa.

Kuna mradi nilifanyia kazi mikoa ya kusini, sitasema wapi wala nani alisanifu, tulipewa mchoro mzuri wa rangi umetoka kwenye kompyuta, chanzo juu kituo cha shule chini kila kitu safi. Tukachimba mtaro kilomita tatu na ushee wanakijiji wenyewe na majembe, tukafukia, siku ya kufungua mgeni rasmi amekaa kwenye hema, ngoma zinapigwa, nikafungua koki. Hewa. Ikatoka hewa ikapiga mluzi kama birika halafu ikakata. Nikasema hewa imeziba ngoja tusubiri. Tukasubiri mpaka pilau likaliwa likaisha. Nikapanda mwenyewe jioni kufuata bomba, nikafukua kwenye kilima cha katikati, nikalegeza kiungio, kavu kabisa, hata unyevu hakuna. Maji yalikuwa yamesimama chini ya kilima yametulia zake kama mtu amefika mlangoni akakuta kumefungwa. Kilima kilikuwa juu ya chanzo kwa mita mbili. Mbili tu mgosi, na chanzo kilikuwa msituni vilevile kama chako. Ule mtaro tuliufukua upya tukazunguka, na wale wananchi hawakuwa wanatusalimia.

Kwa hiyo kitu nakuomba. Bomba linaweza kushuka bondeni likapanda tena haina shida, wala usiogope mabonde, ila pale juu lazima pawe chini ya chanzo, na sio chini kwa kugusagusa, uweke na hasara ya msuguano humo ndani ya bomba. Kilomita 1.4 na bomba jembamba inakula mita kadhaa. Pale mgongoni weka vali ya kutolea hewa, na bondeni weka sehemu ya kutolea tope. Mabomba usinunue mpaka uwe na namba ulizopima kwa mkono.

mtoto_wa_soni:
Mnamchanganya mwalimu bure. Si afungue Google Earth asogeze mshale asome urefu pale chini? Au aende na simu ina GPS asome chanzo asome mgongo atoe. Dakika 40 kazi imekwisha.

Kontua37:
Mdogo wangu, ile namba ya chini kwenye Google Earth imetoka kwenye data za aina hiihii, hakuna mtu alienda na rula. Ni kumuuliza shahidi yuleyule mara ya pili.

Na simu ndani ya msitu, kwenye korongo, setelaiti zenyewe inaona tatu nne za kichwani. Upande wa urefu ndio mbaya zaidi, inaruka mita kumi ishirini ukiwa umesimama. Halafu kuna simu zinatoa urefu juu ya lile umbo la kihesabu la dunia, sio juu ya usawa wa bahari, na kwa kona yetu hiyo tofauti inazidi mita 15, simu inasoma chini kuliko ramani. Ukisoma chanzo kwa app moja na mgongo kwa app nyingine umejitengenezea mlima.

Mwl_Mgosi:
Nimerudi. Nimefanya mlivyosema, mteremko sasa unaeleweka, uwanja wa mpira una nyuzi 3 (na kweli umeinama, timu inayoshambulia kusini ndio hushinda).

Nikachukua na data nyingine mbili nilinganishe. Copernicus ya mita 30: chanzo 1,647, mgongo 1,628. Hii imezidi hata SRTM! Halafu FABDEM, ile wanasema imeondolewa miti na majengo: chanzo 1,629, mgongo 1,627. Sasa nina majibu matatu, mita 13, mita 19 na mita 2. Nani mkweli?

Kontua37:
Wote wanasema ukweli wao.

Copernicus imetokana na setelaiti mbili za Wajerumani, TanDEM-X, zilipiga kati ya 2011 na 2015. Rada yao ina wimbi fupi zaidi, sentimita 3 hivi, kwa hiyo inagota juu zaidi kwenye majani. Ndio maana chanzo kimepanda. Kwa ujumla ni data nzuri kuliko SRTM, kwenye eneo la wazi mimi ndio naitumia, na namba zake zina desimali wakati SRTM ni mita nzima nzima inayokupa kontua (mistari ya urefu sawa) za ngazi ngazi. Ila nzuri hapo maana yake inaona majani vizuri.

FABDEM ni ileile Copernicus, watu wa Chuo Kikuu cha Bristol wakafundisha kompyuta ikisie miti ina urefu gani wakaitoa. Ni makisio, na leseni yake sio ya biashara, kwa shule haina neno. Tazama lakini ilivyokushusha: mita 18 zimeondoka kwenye chanzo, moja kwenye mgongo. Hiyo ndio habari, sio ile mita 2. Mita 2 ni ndogo kuliko kosa lenyewe, waliotengeneza Copernicus wenyewe wanaahidi kosa chini ya mita 4 kwa asilimia 90, na hiyo ni kwa dunia nzima, sio korongo lako.

Kuna data nyingine ya urefu inaitwa ASTER, hiyo usiiguse kwa Usambara. Ile inatengenezwa kwa kupiga picha mbili za kawaida za pembe tofauti, na milima yenu mawingu hayaishi, kwa hiyo kuna vinundu na mashimo ya ajabu ambayo ni wingu la siku fulani.

Jaribio la bure: chora kijito chako kutoka chemchemi kushuka hadi kinapotoka msituni, halafu mwambie QGIS akupe wasifu wa urefu kufuata huo mstari. Maji yanashuka tu, hayana tabia nyingine. Ukiona kijito kinapanda, hapo ndipo data inadanganya na kwa kiasi gani.

Vuria_254:
Sasa wadau, mimi niko Taita upande wa pili wa mpaka, tunaiona Usambara siku hakuna ukungu. Shida ni ileile huku, kilele cha Vuria chenye msitu kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Mwalimu kwa picha usisumbuke kutafuta siku moja isiyo na mawingu, utazeeka. Ingia Earth Engine, ule mtandao wa Google wa kuchakata picha za setelaiti, omba picha zote za Sentinel-2 za mwaka mzima, toa zenye mawingu mengi, halafu chukua mediani (namba ya katikati) kwa kila pikseli. Wingu ni jeupe sana, kivuli cha wingu ni cheusi sana, zote zinaangukia pembeni, katikati inabaki ardhi. Mimi nilipata picha moja safi kutoka kwa makumi ya picha chafu. Ila ukitaka kuona mambo ya kiangazi chukua miezi ya kiangazi peke yake, mediani ya mwaka inafuta tofauti za msimu.

mpima_mstaafu:
Mwalimu, hujambo. Nimesoma kimya kimya tangu jana.

Nimepima ardhi miaka thelathini na mitatu, nyingi porini. Ninalo swali moja. Huyo mzee amesema "tulishajaribu". Ulimuuliza walijaribu nini? Milima ya Usambara na Upare watu walikuwa na mifereji kabla hata Mjerumani hajaleta darubini. Hawakuwa na leveli, kile chombo cha kupimia usawa, walikuwa na maji yenyewe: unachimba kidogo, unayaacha yaje, yakikataa umepanda mno, yakikimbia umeshuka mno. Kama kuna mfereji wa zamani kutoka kwenye kijito hicho, huo ni kontua iliyochorwa ardhini na mchoraji asiyekosea. Nenda kamuulize ulipita wapi, na uanze na shikamoo, si laptop.

Kuhusu upimaji. Wasikudanganye kuhusu saa za mkononi zenye kupima hewa. Huku kwetu tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku hata kama hakuna mvua, kilele chake ni kama saa nne asubuhi, kina chake kama saa kumi jioni. Simama kwenye jiwe lilelile nyakati hizo mbili, saa itakuambia umepanda mita ishirini na zaidi. Nimeona vijana wakipanda mlima hali wamekaa wanakula ugali.

Ukikosa leveli ya kuazima, chukua mpira mweupe unaopitisha mwanga, ule mafundi wanatumia kuhamisha leveli kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine. Mita 20. Fito mbili, uzichore sentimita kwa rangi. Ujaze maji taratibu, na utazame mpira wote usiwe na povu hata moja, povu moja la hewa litakupotosha na hutajua. Soma mbele soma nyuma, andika, songa. Ukifika mgongoni rudi tena mpaka chanzoni ukipima. Ukirudi na tofauti ya zaidi ya sentimita thelathini, anza upya.

Mwl_Mgosi:
Shikamoo mzee. Kesho Jumamosi naenda kwa babu.

fundi_bomba:
Beba na tumbaku mgosi.

Mwl_Mgosi:
Wakuu, samahani nimepotea wiki mbili na nusu, ilikuwa mitihani. Nina mengi ya kusema.

Nilienda kwa babu, shikamoo, tumbaku (asante fundi). Kumbe mfereji upo! Yani ulikuwepo, uliachwa miaka ya sabini kwa kumbukumbu zake. Walijaribu kuuvusha pale mgongoni penye njia ya mnadani, maji yakasimama, kuna mahali bado pana shimo walichimba wakaacha, mimi siku zote nilidhani ni shimo la kuchimbia kifusi cha barabara. Baada ya hapo wakauzungusha kwenye pua ya kilima upande wa mashariki, ukatokea juu ya mashamba ya nyuma ya shule.

Nikarudi kwenye picha. Sentinel haikuonyesha kitu, pikseli ya mita 10 ni kubwa kwa mfereji wa hatua moja. Ila kwenye ile picha kali ya Google Earth ya kiangazi, kuna mstari wa kijani umezunguka kilima kama mkanda, migomba na majani ya tembo yameota kwenye mfereji wa zamani maana udongo wake bado unashika unyevu, pembeni kote pamekauka. Nimepita pale miaka sita sijawahi kuuona. Nikauchora wote.

Halafu nikafanya lile jaribio la Kontua37, sio kwa kijito tu, na kwa mfereji. Nikianzia upande wa shule kurudi nyuma, kwenye mashamba SRTM inanipa 1,609 inapanda polepole hadi 1,618, mita moja huku mbili kule, safi kama alivyosema mzee. Nikigusa ukingo wa msitu, ndani ya mita 90 inaruka hadi 1,633! Mfereji uliochimbwa na jembe umeruka mita kumi na kitu ghafla. Nilicheka peke yangu ofisini. Ni miti hiyo wakuu, nimeipima miti kwa mfereji.

Na mpira tulipima. Mimi na vijana wanne, siku mbili, mara ya kwanza tuliharibu kwa sababu ya povu kama mzee alivyosema, tukaanza upya. Kwenda na kurudi tofauti sentimita 11. Jibu: chemchemi iko CHINI ya mgongo kwa mita 4 na sentimita 20. Sio juu kwa 13. Nimeandika namba hiyo ubaoni ofisini, mwalimu mkuu anadhani ni alama za mtu.

Kamati sikuwaambia kwa simu, nilikwenda. Wakakaa kimya. Babu alikuwepo hakusema "nilikwambia", alisema tu mfereji wake una mawe mawili makubwa kwenye pua ya kilima, bomba lipite chini ya jiwe la pili, juu yake pana ufa.

fundi_bomba:
Dah. Mita nne. Ungefungua koki ukapata mluzi kama mimi.

Sasa kwa njia ya mfereji urefu unakuwa ngapi? Na kutoka chanzo hadi shule tofauti ya urefu mpya?

Mwl_Mgosi:
Karibu kilomita 2.9 badala ya 2.3. Hela ya ziada ipo kidogo haitoshi, tunachangisha tena. Kutoka chanzo hadi shule hatujapima kwa mpira njia yote, lakini mgongo uko sehemu ya wazi na shule iko sehemu ya wazi, so hapo nikiamini ramani ni kama 58, nikitoa 4 inabaki 54 hivi.

fundi_bomba:
Mita 10 za maji ni baa moja, kwa hiyo koki ikifungwa pale shuleni una baa tano na nusu. Usichukue bomba la daraja la 6, yani la baa sita, litakuwa karibu na mwisho wa uwezo wake, chukua la 10. Na tanki liwe na koki ya boya maana chemchemi haifungi usiku.

Kontua37:
Mwalimu hiyo ya mfereji nitaiiba niwafundishie watu. Kwa ramani yako ya mwisho ningefanya hivi: kontua za Copernicus kwa mashamba yote, ndani ya msitu zichore kwa nukta nukta ili anayesoma ajue ni makisio, na namba zenu za mpira uziandike pembeni ya alama zenyewe kwa wino mwingine. Hata zile ramani za zamani za serikali za 1:50,000 zilichorwa kwa picha za ndege, mchoraji alikuwa anaona vichwa vya miti vilevile anakadiria.

gendabi_kwetu:
Samahani kuingilia, mimi natokea Hanang. Baada ya yale maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 nilitaka kuchora makorongo mapya yaliyoshusha tope Katesh. Nimejaribu hizo data zote tatu korongo halionekani kabisa, nikadhani nakosea kama mwalimu.

Kontua37:
Pole sana ndugu. Hukosei. SRTM ni mlima wa mwaka 2000, Copernicus ni wa 2011 hadi 2015, na FABDEM ni mtoto wa Copernicus. Mlima wako ulibadilika baadaye. Hapo fanya kinyume na mwalimu: njia ya tope ichukue kwenye picha, Sentinel-2 ya kabla na ya baada, mistari ya kahawia itaonekana wazi imekata kijani kutoka juu. Data ya urefu itumie kwa mteremko wa zamani tu, yani tope lilianzia kwenye mteremko wa nyuzi ngapi. Kina cha korongo usikitafute humo, hakimo. Na kanda ni 36, usisahau.

mpima_mstaafu:
Mwalimu, mmepima vizuri. Sentimita 11 kwa mpira ni kazi ya watu makini. Kabla ya kuchimba, piga na njia yote ya mfereji kwa mpira, kutoka chanzo hadi tanki, hasa pale kwenye pua ya kilima, huenda udongo umeporomoka tangu miaka hiyo. Na chanzo kiko msituni, pitia watu wa misitu, RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani na bodi ya maji ya bonde la Pangani mpate kibali cha kutumia maji, msije mkafukuliwa.

Mwl_Mgosi:
Asante mzee, barua za misitu na RUWASA zimeshaandikwa, ya bonde naandika leo. Kupima tulianza jana, tumefika jiwe la kwanza, mvua ikatufukuza. Babu alikuwa nasi, kakaa juu ya jiwe na mwavuli anasimamia.

fundi_bomba:
Mwambie babu nikija kufunga vali nitamletea kiko kipya.